Bomu Huisha Mjini, Jeraha Hurudi Nyumbani

Kila ifikapo tarehe 7 Agosti, Kenya hukumbuka bomu ambalo al-Qaeda walililipua kwenye ubalozi wa Marekani jijini Nairobi mwaka 1998, na hesabu zinazotajwa huwa ni zilezile: watu 213 walikufa, 12 kati yao Wamarekani, na zaidi ya 4,000 wakajeruhiwa. Hesabu ya kwanza imefuatiliwa hadi mwisho. Majina ya marehemu yameandikwa katika bustani ya kumbukumbu iliyojengwa pale ubalozi uliposimama, kwenye makutano ya Barabara ya Moi na Barabara ya Haile Selassie. Hesabu ya pili imebaki tarakimu tu. Aliyejeruhiwa alihesabiwa siku ya mkasa, na baada ya hapo ni kama aliachiwa mwenyewe hesabu ya miaka iliyofuata. Hoja ya makala haya ni kwamba jeraha la bomu, liwe la vita vilivyotangazwa au la shambulio la siku moja, ni maradhi ya kudumu. Hubadilika kadiri mwili unavyozeeka, na mara nyingi humfuata mwenyewe hadi kwao. Ndiyo maana suala la kumtunza haliwezi kuachiwa Nairobi peke yake. Ni suala la Kisii, Nyamira na kila kaunti inayopeleka watu wake kutafuta riziki mjini na kuwapokea wakirudi.

Tuanze na umri. Karani aliyekuwa na miaka 35 siku ile alitimiza miaka 60, umri wa kustaafu katika utumishi wa umma, mwaka 2023. Nairobi ni mji wa watu wenye kwao kwingine, na mfanyakazi aliyetoka Bonchari, Kitutu Masaba au Borabu kwa kawaida hujenga nyumbani na kurudi shambani akistaafu. Anaporudi, huwaacha nyuma madaktari waliomshona, faili lake la hospitali, bima ya mwajiri na wenzake waliokuwa naye jengoni. Anafika kwenye zahanati iliyo karibu naye akilalamika kwamba jicho linafifia, sikio linalia, kichwa kinagonga na usingizi hauji. Kwa mganga wa zamu, huyo ni mzee kama wazee wengine walio kwenye foleni. Atapimwa presha, atapewa tembe za maumivu na kuambiwa umri umesonga. Huenda ni kweli umesonga. Lakini mwili huo una historia ambayo hakuna aliyeiuliza, na maradhi ambayo yangeweza kuzuiwa mapema hupita bila kutambuliwa.

Ili kuelewa ni kwa nini madhara haya hudumu, ni vyema kujua bomu hufanya nini kwenye mwili. Madaktari hugawa majeraha yake katika makundi manne. La kwanza ni wimbi la mgandamizo wa hewa, ambalo hupiga hasa viungo vyenye hewa ndani yake: masikio, mapafu na matumbo. La pili ni vitu vinavyorushwa, yaani chuma, mawe na vioo, ambavyo hupenya mwilini kama risasi zisizo na mpangilio. La tatu ni mtu mwenyewe kutupwa ukutani au sakafuni, au kuangukiwa na jengo. La nne ni moto, moshi na vumbi, pamoja na kuchochewa kwa maradhi aliyokuwa nayo tangu awali. Mtu mmoja anaweza kupata yote manne kwa mara moja. Katika saa za kwanza, daktari wa dharura hana budi kutazama linaloua haraka: damu inayomwagika na pumzi inayokatika. Sikio, jicho lenye mkwaruzo na mtu aliyepoteza fahamu kwa dakika chache husubiri. Uamuzi huo ni sahihi kabisa siku ya mkasa. Tatizo huja pale wale waliosubiri wanaporuhusiwa kwenda nyumbani bila mtu kuwaita tena.

Nairobi ilikuwa na jambo lake la pekee. Kabla ya mlipuko mkubwa kulisikika kishindo kidogo na milio ya risasi langoni mwa ubalozi, na watu waliokuwa maofisini katika majengo ya jirani wakakimbilia madirishani kuona kulikoni. Sekunde chache baadaye vioo viliwapasukia usoni. Ndiyo maana majeraha ya macho yalikuwa mengi mno, na ndiyo maana waliopofuka siku ile ni sehemu kubwa ya kumbukumbu ya mkasa huo. Lakini si upofu wa papo hapo pekee unaohusika hapa. Jicho lililogongwa kwa nguvu linaweza kupata mtoto wa jicho baada ya miaka. Linaweza kupata presha ya jicho miaka kumi au ishirini baadaye, kwa sababu njia ya kutolea maji yaliyo ndani ya jicho iliharibika siku ile bila dalili yoyote. Jicho lililotobolewa linaweza hata kusababisha kinga ya mwili ilishambulie jicho la pili lililokuwa zima. Hali hiyo ni nadra, ila inajulikana kutokea wiki chache au miaka mingi baada ya jeraha. Sikio nalo lina hadithi yake. Ngoma ya sikio iliyopasuka mara nyingi hujiziba yenyewe baada ya miezi, lakini chembe za sikio la ndani zinazopokea sauti zikishakufa hazioti tena. Mtu hubaki na mlio usiokoma, na mazungumzo ya watu wengi kwa pamoja, kama yale ya kikao cha ukoo au soko la Daraja Mbili, humpita. Huyo hujitenga taratibu, na jamaa humwona mkaidi.

Kichwa ndicho kinachotoa ushahidi mzito zaidi. Nchini Marekani, wanajeshi 421 waliopata majeraha ya kupenya ubongo katika vita vya Vietnam walifuatiliwa kwa takriban miaka 15, na ikabainika kuwa zaidi ya nusu yao walipata kifafa. Kwa baadhi, degedege la kwanza lilikuja miaka mingi baada ya jeraha kupona kwa nje. Wahenga hawakukosea waliposema mwenye kovu usidhani kapoa. Na katika jambo hili watu wa Gusii, yaani wenyeji wa Kisii na Nyamira, hawahitaji kufundishwa na wageni kwamba pigo la kichwa lina madhara ya baadaye. Kwa vizazi vingi walikuwa na ababari, mafundi waliopasua ngozi ya kichwa na kukwangua mfupa wa fuvu kwa uangalifu ili wasitoboe utando unaofunika ubongo. Madaktari waliochunguza kazi hiyo katika karne ya 20, akiwemo Edward Margetts aliyekuwa akifanya kazi katika hospitali ya Mathari miaka ya 1950, walieleza kwamba sababu kuu ya mtu kumwendea omobari (mmoja wa ababari) ilikuwa kichwa kinachouma bila kukoma baada ya kuumia kichwani. Sababu hiyo ina uzito kwetu leo. Simsifu omobari kama daktari wa upasuaji wa ubongo. Kazi yake ilikuwa na hatari ya usaha, kutokwa damu na kuharibu utando ule, na hakuna wa kuirudia leo. Lakini jamii iliyokuwa na fundi maalumu wa maumivu yanayobaki baada ya kidonda kufunga ilikuwa imetambua aina ya mgonjwa ambaye mfumo wetu wa sasa haumtambui.

Kutotambuliwa huko kuna historia ndefu katika milima hii. Mwaka 1905, na tena mwaka 1908 baada ya mpiganaji Otenyo kumchoma mkuki ofisa wa kikoloni Northcote, Waingereza walituma majeshi ya adhabu dhidi ya Abagusii. Mauaji ya 1908 yalikuwa makubwa kiasi kwamba hata Winston Churchill, wakati huo akiwa naibu waziri wa makoloni huko London, alihoji kama kweli ilikuwa lazima kuendelea kuwaua watu wasio na kinga. Septemba 1914, vita vya Wajerumani na Waingereza vilifika mjini Kisii kwenyewe, na tarehe 12 majeshi hayo yakapigana hapo. Karibu na wakati wetu, ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 ziliacha majeraha ya mishale, mapanga na moto katika mpaka wa Borabu na Sotik. Kila mara kilichohesabiwa ni maiti, mifugo na nyumba. Mtu aliyebaki na risasi begani au kovu la moto lililokunja kiwiko hakuwa na daftari la kuandikwa. Ukimya wa kumbukumbu haumaanishi kwamba watu hao hawakuwapo. Unamaanisha kwamba walitunzwa na mama zao, wake zao na watoto wao, na gharama hiyo haikuingia katika kitabu chochote cha serikali.

Akili nayo hujeruhiwa, na hapa Kenya ilifanya utafiti ambao ulimwengu umeutumia. Daktari wa magonjwa ya akili Frank Njenga na wenzake waliwahoji Wakenya 2,883 walioguswa na bomu la 1998, kati ya mwezi mmoja na mitatu baada ya mkasa. Asilimia 35 walikuwa na dalili zinazokaribia vigezo vya kiwewe cha baada ya mkasa: picha za tukio kurudi bila kuitwa, kushtuka kwa sauti ndogo, kukwepa kila kinachokumbusha. Walioathirika zaidi walikuwa wanawake, wasiokuwa na ndoa, wenye elimu ndogo, waliojeruhiwa na hasa ambao majeraha yao hayakupona, waliofiwa, na waliokosa pesa. Waliokuwa hawajamweleza rafiki yaliyowapata pia walikuwa na dalili zaidi. Utafiti huu ulichukua picha ya miezi ya mwanzo na hauwezi kutuambia hali ya watu hao leo. Ila unaonyesha jambo linaloeleweka mara moja: jeraha la mwili, umaskini na kiwewe havikai vyumba tofauti. Asiyeona hapati kazi, asiye na kazi hanunui dawa, na asiyelala kwa maumivu hukumbuka usiku kucha. Anayetibu kimoja na kuacha viwili atamwona mgonjwa yuleyule tena mwezi ujao.

Halafu kuna mazingira ya mahali. Mtu aliyekatwa mguu jijini hujifunza kutumia mguu bandia kwenye sakafu tambarare ya kliniki. Nyumbani Nyamira anakuta mteremko unaoanza mlangoni, mvua karibu mwaka mzima na udongo unaoteleza. Kigutu hubadilika umbo na mguu bandia huchakaa. Mtu mzima huhitaji mwingine baada ya miaka michache, na mtoto huhitaji kubadilishiwa mara nyingi zaidi kwa sababu anakua. Usipomkaa sawasawa unachubua ngozi, na mwenyewe huutupa uvunguni na kurudia mikongojo. Mzigo huhamia kwenye mguu mzima, nyonga na kiuno. Wanajeshi wa Marekani waliopoteza miguu yote miwili katika Vita vya Pili vya Dunia walifuatiliwa kwa takriban miaka 30, na ikaonekana kuwa walikufa zaidi kwa maradhi ya moyo kuliko wenzao waliokuwa na majeraha mepesi zaidi. Sasa tazama kazi za hapa. Mchuma chai huhitaji macho ya kuona majani mawili na chipukizi, vidole vya kuyakata haraka, na kiuno cha kubeba kikapu hadi kituo cha kupimia. Mchonga mawe wa Tabaka huhitaji mkono usiotetemeka na mapafu yanayostahimili vumbi. Kipande cha kioo kilichobaki kiganjani ni usumbufu mdogo kwa anayekaa mezani, lakini kwa mchuma chai ni kilo chache zinazopungua kila siku.

Ulimwengu una mifano ya namna ya kufuatilia majeruhi. Baada ya mabomu ya nyuklia ya Hiroshima na Nagasaki ya mwaka 1945, tume ilianza kazi mwaka 1947, na taasisi iliyoirithi imewafuatilia watu wapatao 120,000 kwa miongo mingi. Bila daftari hilo isingejulikana kwamba saratani ya damu ilifikia kilele chake miaka sita hadi minane baada ya mlipuko, na kwamba saratani nyingine zilianza kuongezeka baadaye zaidi. Bomu la Nairobi halikuwa na mionzi, na hakuna sababu ya kuwatisha watu kwa mfano huo. Funzo lake ni la utaratibu: madhara ya muda mrefu huonekana kwa anayekaa muda mrefu akitazama. Mfano wa pili unatuhusu kwa karibu zaidi. Miaka mitatu baada ya Nairobi, kundi lilelile la al-Qaeda liliushambulia mji wa New York. Mwaka 2010 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kuwapima na kuwatibu waokoaji na raia waliokuwa katika eneo hilo, na mwaka 2015 mpango huo ukaongezewa muda hadi mwaka 2090. Maana yake ni kwamba mtoto aliyekuwa shuleni jirani siku ile anaweza kupimwa mpaka uzeeni. Mwenzake wa Nairobi, aliyejeruhiwa na adui huyohuyo, hana mpango wa aina hiyo.

Kuna watakaopinga, na hoja zao si za kupuuzwa. Ya kwanza ni ya idadi: katika kaunti ambako wadi za mifupa hujaa majeruhi wa bodaboda, kwa nini kuwafikiria wachache wa bomu? Hoja hii ingekuwa na nguvu kama ningedai kliniki yao ya peke yao. Sidai hivyo. Fundi wa miguu bandia, mtaalamu wa kupima usikivu, daktari wa macho anayezuru zahanati na mshauri wa afya ya akili ni walewale anaowahitaji kijana aliyeanguka na pikipiki, mama aliyeungua kwa mafuta ya taa na mkulima aliyekatwa kwa panga mwaka 2008. Majeruhi wa bomu ni kipimo kizuri cha huduma hizo kwa sababu anazihitaji zote kwa pamoja. Kaunti inayoweza kumtunza yeye inaweza kuwatunza hao wengine wote.

Hoja ya pili ni ya ushahidi: baada ya miaka zaidi ya 25, nani atathibitisha kwamba mtoto wa jicho umetokana na bomu wala si uzee? Kwa mgonjwa mmoja, mara nyingi hakuna awezaye. Lakini uthibitisho wa namna hiyo unadaiwa na mahakama inayogawa fidia, haudaiwi na daktari anayetibu jicho. Kwake inatosha kujua kwamba jicho hilo liliumia, ili alipime mara kwa mara kuliko mengine. Hii ndiyo tofauti ambayo mjadala wetu umeichanganya kwa miaka mingi. Wakenya wamedai fidia katika mahakama za Marekani bila mafanikio makubwa. Sheria yetu ya kuzuia ugaidi ya mwaka 2012 ilitaja mfuko wa fidia kwa waathiriwa, na Seneti ikaunda kamati maalumu kuhusu waathiriwa wa 1998. Madai hayo ni ya haki na yaendelee. Ila fidia, hata ikilipwa kesho, ni pesa za mara moja, ilhali jeraha hudai kila mwezi. Na wale wanaosema heri kusahau na kumwachia Mungu hawakatazwi kusali. Imani haijawahi kuzuia presha ya jicho kupanda, na aliyeonywa mapema ana nafasi ya kuona kitabu chake cha nyimbo mpaka uzeeni.

Njia ya kuanzia ipo tayari katika sheria. Katiba ya 2010 ilizikabidhi serikali za kaunti hospitali zao, na tangu 2013 Kisii na Nyamira hupanga zenyewe bajeti za afya. Mwaka 2023 serikali iliwapa wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000 nchini mikoba yenye vipima presha pamoja na simu za kuandikia taarifa za kaya. Mwaka huohuo sheria ya bima ya afya ya jamii iliunda mifuko mitatu, na mmojawapo umewekwa kwa ajili ya dharura na magonjwa sugu. Kinachokosekana ni uamuzi wa kuliandikisha jeraha la zamani kama ugonjwa sugu, sawa na kisukari: mgonjwa awe na tarehe ya kurudi, apimwe macho na masikio kila mwaka, aulizwe kuhusu usingizi na degedege, na kigutu chake kikaguliwe kabla ngozi haijachubuka. Mhudumu anayepita mlango kwa mlango Ekerenyo au Nyamache anaweza kuuliza kama kuna mtu aliyewahi kuumizwa na mlipuko, risasi, moto au ajali, lini na wapi, na kumwelekeza hospitali ya rufaa ya Kisii au ya Nyamira. Hakuna ajuaye mlipuko ujao utatokea wapi, lakini walimu, askari na wafanyabiashara wa kaunti hizi wako Garissa, Mandera, Mombasa na Nairobi leo hii. Taifa linaloweza kuwazika wafu wa siku moja kwa heshima halijamaliza kazi yake. Kazi hiyo hupimwa kwa namna linavyowatunza walio hai katika miaka ambayo hakuna kamera inayowatazama, na kwa watu wa Gusii miaka hiyo imekwishaanza.